Ni Mwani Gani, Buda?

Mtu akikuuzia mwani wa kushusha sukari, usianze na bei. Muulize swali moja tu: ni mwani gani? Halafu nyamaza umwangalie. Wengi hawatakuwa na jibu, na hapo ndipo shida yote imejificha.

Unajua stori ninayoongelea. Video inapita kwa simu, dada amependeza, ameshika chupa ya jeli ya rangi ya asali. Anasema lamba kijiko kimoja kabla ya kula na sukari yako haitapanda hata ukipiga chapo nne. Jeli yenyewe ni mwani uliolowekwa, ukachemshwa, ukasagwa. Kwa biashara wanaiita sea moss. Wengine wanauza unga wake ndani ya tembe. Hii kitu ilianza kama mambo ya watu wa Kilimani na Lavington, sasa imeteremka mpaka Kibera. Hapa Silanga, mahali ambapo mmea wa majini tunaoujua ni yale magugu maji ya Nairobi Dam, nimeona chupa moja ikiuzwa elfu moja mia mbili. Kuna nyumba hiyo doo ingenunua unga wa wiki mbili.

Msimamo wangu ni huu, na sitauzungusha. Mwani si utapeli. Kuna sayansi ya kweli nyuma yake. Lakini hiyo sayansi si ya kile kilicho ndani ya hiyo chupa, matokeo yake ni madogo kuliko unavyoambiwa, na kwa mtaa ambao watu wengi hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja, kununua jeli kabla ya kupimwa ni kuvaa viatu kabla ya soksi. Tena kuna watu inawaumiza.

Tuanze na sayansi, polepole.

Ukila chapo madondo, ule wanga hauingii kwa damu ukiwa chapo. Lazima ukatwekatwe kwanza uwe glukosi. Kazi hiyo inafanywa na vimeng'enya, zile enzaimu za Biolojia. Vingine viko kwa mate, vingine vinatoka kwa kongosho, vingine viko kwa utumbo mdogo. Glukosi ikiingia kwa damu, sukari inapanda, kwa kawaida inafika juu kabisa kama saa moja baada ya kula. Kongosho inatoa insulini, insulini inafungulia seli mlango, sukari inaingia ndani, inashuka kwa damu. Kwa mtu mwenye kisukari, huo mlango haufunguki vizuri, au insulini ni kidogo, au haiko kabisa. Sukari inabaki ikizunguka kwa damu na kuharibu mishipa, macho, figo na miguu, polepole, bila kelele.

Mwani unaingia wapi? Kuna mwani wa kahawia wenye kemikali zinazoitwa florotanini. Kwa maabara, florotanini huzuia vile vimeng'enya visikate wanga haraka. Mwani huo pia una alginati, kitu kinachogeuka jeli tumboni na kufanya chakula kishuke polepole. Wanga ukikatwa polepole, sukari inapaswa kupanda polepole. Wazo ni zuri. Tena si geni, kwa sababu kuna dawa ya hospitali inaitwa akabosi ambayo inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo ya kufungia vimeng'enya. Ukiitumia, wanga ambao haujakatwa unafika chini na kuchachuka, kwa hivyo gesi utapata ya kutosha. Usikae karibu na mtu kwa matatu.

Sasa, wazo likiwa zuri kwa maabara, linabidi lijaribiwe kwa watu. Lilijaribiwa. Mwaka wa 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval kule Quebec, Kanada, walichapisha jaribio la watu 23. Waliwapa miligramu 500 za dondoo la mwani wa kahawia nusu saa kabla ya kula mkate. Insulini ilipungua kwa kama asilimia 12, na hiyo ni habari poa. Lakini sukari yenyewe kwa damu haikubadilika vya maana. Mwaka wa 2018, Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne, Australia, kikachapisha jaribio lingine, watu 38 wenye afya, wakipewa hadi miligramu 2,000. Kwa jumla hawakuona tofauti, si kwa sukari, si kwa insulini. Kuna tafiti nyingine, hasa za Korea na Japani, zilizoona kushuka kidogo. Kwa hivyo ukiniuliza, jibu la ukweli ni "labda kidogo, kwa watu wengine, kwa aina fulani ya mwani, kwa kipimo fulani." Jaribu kuuza hiyo kwa video ya sekunde thelathini.

Na hapo kwa "aina fulani" ndipo swali langu linauma. Mwani wa Quebec ni Ascophyllum na Fucus, mwani wa kahawia wa bahari baridi za kaskazini. Mwani unaolimwa pwani yetu ni mwingine. Zanzibar walianza kuulima kibiashara mwaka wa 1989, na hapa Kenya unalimwa Kwale, sehemu kama Kibuyuni karibu na mpaka wa Tanzania, wengi wa wakulima wakiwa akina mama. Aina zao ni Eucheuma na Kappaphycus, na hizo ni za kundi la mwani mwekundu, hata kama ukiuona unaweza kuwa wa kijani au wa kahawia. Mwani mwekundu hauna florotanini. Una karagenani, kile kitu cha kufanya aiskrimu na dawa ya meno ziwe nzito. Hata ile sea moss ya asili kutoka Atlantiki nayo ni mwani mwekundu.

Karagenani si sumu, na hizo nyuzinyuzi si mbaya. Lakini mtu akikuuzia mwani mwekundu huku akisema "utafiti umeonyesha", na utafiti wenyewe ulikuwa wa mwani wa kahawia, hiyo ni kama kuenda kutafuta kazi na cheti cha KCSE cha binamu yako. Cheti ni halali. Alama ni za ukweli. Ila si zako.

Halafu kuna kipimo. Kwa jaribio, dondoo lilipimwa kwa miligramu, na kila tembe ilikuwa sawa na nyingine. Jeli ya kupikwa jikoni haina kipimo. Kijiko cha leo na cha kesho havifanani. Mwani pia hubeba ayodini, na aina zingine hubeba nyingi sana, kiasi cha kuvuruga tezi ya shingo ukila kila siku. Hakuna video imewahi kuniambia hivyo.

Sasa turudi mtaani, kwa sababu mimi siandikii watu wa Melbourne.

Kuna utafiti ulifanywa hapa hapa Kibera na kuchapishwa mwaka wa 2013. Ulikuta kwamba kati ya watu wazima 100, kama 5 walikuwa na kisukari. Tulikuwa tunadhani sukari ni ugonjwa wa matajiri wenye vitambi. Kumbe iko hapa kwa mabati, kwa watu wanaotembea kwa miguu mpaka Industrial Area. Halafu utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ukaonyesha kitu cha kutisha zaidi: Wakenya kama asilimia 88 walikuwa hawajawahi kupimwa sukari maishani. Soma tena hapo. Karibu tisa kati ya kumi.

Kwa hivyo kuna mtu ananunua chupa ya elfu moja mia mbili kushusha sukari ambayo hajui kama imepanda. Na kuna mwingine ambaye anajua kabisa imepanda, na anaweka dawa kando ili alambe jeli.

Huyo wa pili namjua. Ni mama mmoja wa plot yetu, anauza mboga. Amekuwa akimeza metformini miaka kadhaa. Siku moja nikaona chupa kwa meza yake.

"Mathe, na zile tembe za kliniki?"

"Nimepumzisha mwili kwanza, mwanangu. Hii ni ya asili. Zile zilikuwa zinanisumbua tumbo."

Miezi miwili alijihisi fiti. Sukari haina uchungu ikipanda, ndiyo maana inadanganya. Akaanza kuamka usiku kwenda choo mara nne, mara tano, na hapa kwetu kwenda choo usiku si mchezo, lazima uamshe mtu akusindikize. Halafu akapata kidonda kidogo kwa mguu, cha kiatu tu, kikakataa kupona. Alipopimwa, mashine ilisoma 22. Sai amerudi kwa dawa, lakini mguu bado umefungwa bandeji, na meza ya mboga inasimamiwa na binti yake ambaye anafaa kuwa darasani.

Mimi simlaumu huyo mama, na wewe usimcheke. Jiulize kwa nini chupa ilimshinda daktari. Kliniki alikuwa anapanga foleni kutoka asubuhi, anaonwa dakika mbili, anaambiwa "endelea na hizi", anaenda. Wakati mwingine dawa hazipo, anaambiwa anunue. Tumbo lilikuwa linamsumbua na hakuna aliyemwambia kwamba metformini hufanya hivyo kwa wengi mwanzoni, kwamba umeze na chakula, kwamba kuna aina ya kutoka polepole ambayo ni rahisi kwa tumbo, na kwamba unaweza kumwomba daktari akubadilishie. Muuza jeli alimpa dakika ishirini. Alimwita "mama yangu". Alimuuliza analala vipi. Hiyo heshima ndiyo aliinunua. Mwani ulikuwa tu ndani ya chupa.

Kibera tumeshaona kwamba inawezekana kufanya vizuri zaidi. Médecins Sans Frontières walifanya kazi hapa miaka 20, mpaka walipokabidhi huduma kwa serikali mwaka wa 2017, na kliniki zao zilikuwa zinatibu sukari na presha pamoja na HIV, mahali pamoja, karibu na nyumbani. Kwa hivyo mtu akiniambia watu wa mtaa hawapendi dawa za hospitali, nitamwambia hapana. Watu wa mtaa wanapenda kuelezwa.

Na hii ya "asili ni salama, dawa ni kemikali" tuiweke chini leo. Metformini yenyewe historia yake inaanzia kwa mmea, unaitwa Galega, ambao Wazungu waliutumia zamani kama mitishamba. Wanasayansi walifuata kilicho ndani, wakatengeneza kitu salama zaidi, wakakipima, na Ufaransa ikaanza kukitumia kwa wagonjwa mwaka wa 1957. Ukiuliza dawa ni nini, mara nyingi jibu ni kitu kilichoanza kama cha asili halafu kikakubali kufanya mtihani. Mwani bado uko kwa chumba cha mtihani. Tusiupe cheti kabla haujamaliza karatasi.

Najua kuna msee hapa atasema, "Lakini shosho yangu alitumia na sukari ikashuka." Inawezekana. Swali ni, alibadilisha nini kingine? Mtu akitumia elfu moja kwa jeli ya sukari, mara nyingi siku hiyo hiyo anaacha soda, anapunguza chapo, anaanza kutembea. Sukari inashuka, sifa zinaenda kwa chupa.

Kwa hivyo wacha nikupe kitu cha bure.

Mwaka wa 2015 watafiti wa New York walichukua watu 11 wenye kisukari ambao walikuwa wanameza metformini. Waliwapa chakula kile kile siku mbili tofauti. Siku moja walianza na mkate na juisi, mboga na kuku wakafuata. Siku nyingine walianza na mboga na kuku, wakangoja dakika 15, ndiyo wakala mkate na juisi. Chakula kile kile, kiasi kile kile, mpangilio tu umegeuzwa. Walipoanza na mboga na kuku, sukari saa moja baada ya kula ilikuwa chini kwa kama asilimia 37. Ni watu wachache, nakubali, na ni utafiti mmoja. Lakini linganisha na ule wa Quebec ambapo sukari haikusonga vya maana, halafu uniambie elfu moja mia mbili ni ya nini.

Kwa lugha ya Silanga: anza na sukuma na maharagwe, au omena, au ndengu. Ugali ufuate, tena ukiwa mdogo kidogo. Sukuma ya shilingi ishirini inafanya kazi ambayo jeli inaahidi. Ukimaliza kula, usilale wala usishike simu hapo hapo. Tembea dakika kumi, hata kama ni kuzunguka plot, kwa sababu misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwa damu. Punguza sukari kwa chai, kijiko kimoja kila wiki mpaka ulimi uzoee. Na ile smocha na soda ya saa nne, nakupenda lakini nakuona. Hiyo ni wanga juu ya sukari bila mboga hata moja, isipokuwa kachumbari, na kachumbari yenyewe umemwambia apunguze.

Hii haimaanishi mpangilio wa chakula unachukua nafasi ya dawa. Wale watu 11 walikuwa bado wanameza dawa zao. Na kama mtu wenu anadunga insulini, usicheze na hiyo hata siku moja. Kuna aina ya kisukari ambayo mtu akiacha insulini anaweza kufa ndani ya siku chache.

Kabla ya hayo yote, pima. Kemisti nyingi za mtaa zina mashine, na mimi nimelipa soo moja tu. Pia kuna wahudumu wa afya ya jamii, CHP, wale wa kutembelea nyumba. Serikali ilipowazindua rasmi Septemba 2023, vifaa walivyopewa vilikuwa na mashine ya kupima sukari. Wa eneo lenu yuko. Mtafute, muulize. Akisema vikaratasi vya kupimia vimeisha, hiyo sasa ndiyo kelele ya kupigia mjumbe wa kaunti, si ya kupigia muuza jeli.

Namba za kukumbuka ni chache. Asubuhi kabla ya kula chochote, ikiwa chini ya 5.6 uko poa. Ikifika 7 kwenda juu, nenda kliniki wapime tena vizuri. Saa mbili baada ya kula, mtu asiye na kisukari kwa kawaida huwa chini ya 7.8. Ikifika 11.1, nenda kliniki, usingoje. Mashine ya kidole haitoi hukumu. Inakuambia tu kama unahitaji kuonana na daktari.

Kwa nini naandikia nyinyi na si wazazi wenu? Kwa sababu simu ni yenu. Video ikimfikia mathe kwa WhatsApp, anakuja kukuuliza wewe, "Hii kitu ni ya ukweli?" Jibu unalotoa ukiwa umeinamia gemu linaweza kuamua kama atameza dawa kesho. Wewe ndiye daktari wa kwanza wa nyumba, upende usipende. Na wale wenzangu mnaotengeneza video, tukilipwa kutangaza hizi chupa, tujue tunatangaza kwa nani. Mtu wa Lavington akidanganywa anapoteza elfu moja. Mtu wa hapa anaweza kupoteza mguu.

Ukipenda mwani, ule. Ni chakula. Tena ukienda Kwale, nunua moja kwa moja kwa akina mama wa Kibuyuni, kwa sababu wao huuza kilo nzima iliyokauka kwa makumi ya shilingi tu, halafu hapa Nairobi unauziwa kachupa kwa elfu. Weka kwa juisi, pikia supu, paka usoni kama unataka. Usiuweke tu mahali pa dawa.

Na wiki hii, mchukue mathe ama buda wako, mpeleke apimwe. Wewe pia weka kidole. Inauma kama kuumwa na siafu, sekunde moja, basi. Ukishajua namba yako, hakuna chupa itakayokutisha na hakuna video itakayokudanganya.